Zawadi Isiyofumba Macho

Sisi tunaoandika ni mume na mke. Kwa miaka mingi tumekuwa mawakala wa bima mjini Moshi, katika chumba kimoja kisicho mbali na Soko la Mbuyuni, chenye meza mbili, kompyuta moja na kabati la mafaili. Nyumbani kwetu ni huko juu, upande wa Kibosho, na usharika wetu uko huko huko mlimani. Tunaandika kwa sauti moja kwa sababu kosa tunalolisimulia tulilitenda pamoja, na toba yake tuliifanya pamoja.

Watu wengi wakisikia neno ushuhuda hutarajia habari za ugonjwa ulioponywa au mlevi aliyeacha pombe. Ushuhuda wetu ni wa bahasha. Ni bahasha ndogo ya kaki, ya aina ile inayotumika kutolea sadaka, na ndani yake tuliweka shilingi laki moja.

Tuanze na mwezi wa Desemba. Kila anayeijua Moshi anajua jinsi mji unavyojaa mwezi huo. Wana wa Kilimanjaro hurudi kutoka Dar es Salaam, Mwanza, Arusha na kwingineko, magari yanapanda mlima kwa foleni, na kila boma linachinja. Ndio mwezi ambao watu wengi hukagua stika za magari yao na kukumbuka bima. Na ndio mwezi wa kalenda. Wateja huingia ofisini, hulipa, kisha husimama mlangoni na kuuliza, "Na zawadi yangu iko wapi?" Mwenye pikipiki moja hutosheka na kalenda. Mwenye Noah mbili anataka kalenda na shajara. Mwenye malori matano haulizi habari za kalenda. Anavuta kiti, anashusha sauti, anasema, "Nyie mnapata kamisheni. Mimi narudishiwa ngapi?"

Kwa msomaji asiyejua kazi hii, tueleze kidogo. Mtu anapokata bima hulipa ada. Sehemu kubwa ya ada hiyo huingia katika mfuko wa kampuni, na ndimo zinamotoka fidia za wale watakaopata ajali, moto au wizi. Sehemu ndogo ni ya wakala aliyemhudumia mteja, nayo ndiyo kamisheni. Wakala anapochukua kipande cha kamisheni yake na kumrudishia mteja mmoja kimyakimya ili asiende kwa wakala mwingine, hapo amempa marejesho ya siri. Wengine huiita asante, wengine soda, wengine cha juu. Majina ni mengi, kama ilivyo kawaida ya jambo ambalo watu hawataki kuliita kwa jina lake.

Sisi tuliita "kumkumbuka mteja". Tuliwakumbuka wenye malori, tukawakumbuka wenye maduka makubwa, na mwisho tukamkumbuka mjumbe wa kamati ya usharika wetu.

Usharika ulikuwa umenunua Coaster iliyotumika, kwa michango ya miaka mitatu. Ilikuwa ya kupeleka kwaya, kusafirisha misiba na kukodishwa ili ijilipe. Gari lilikuwa na thamani ya shilingi milioni 60. Tulitaka sana bima hiyo tuiandike sisi, kwanza kwa ajili ya kamisheni, pili kwa heshima. Wakala mwingine alikuwa ameshafika kwa mjumbe huyo. Mjumbe akatuambia, "Wenzenu bei yao iko chini. Shusheni, na mimi mnikumbuke."

Tulikaa jioni ile na kikokotoo. Ada haishuki kwa kutaka kwa wakala. Kilichoweza kushuka ni thamani ya gari kwenye fomu. Tukaandika milioni 40 badala ya 60. Ada ikapungua kwa theluthi moja, karatasi ikapendeza, usharika ukaona tumeusaidia. Kamisheni yetu ilikuwa kama laki mbili na nusu. Laki moja tukaitia kwenye bahasha, tukampelekea mjumbe nyumbani, tukanywa chai, tukaomba, tukaondoka.

Ndiyo, tuliomba. Hatukuona aibu wakati huo. Tulijiambia kwamba fedha ile ni jasho letu, na mtu ana haki ya kugawa jasho lake apendavyo. Tulijiambia kwamba usharika umepata nafuu, mjumbe amepata nauli, sisi tumepata mteja, na hakuna aliyeumia. Mwaka wa pili tulifanya vilevile.

Mwaka huo huo tuliupa usharika viti 50 vya plastiki. Nyuma ya kila kiti tuliandika jina la ofisi yetu na namba ya simu. Tangu hapo, karibu kila Jumapili wakati wa matangazo, baada ya habari za vipaimara na ndoa, jina letu lilisomwa na washarika wakaombwa watuunge mkono. Tulikuwa pia na kikaratasi tulichokiandika wenyewe na kukigawa mlangoni mwa kanisa. Kilisema kwamba ukipata ajali leo, kesho unalipwa. Sisi wenyewe tulijua kwamba si kweli. Madai ya bima yanahitaji taarifa ya polisi, gari likaguliwe, makadirio ya fundi yapitiwe, na yote hayo huchukua siku, pengine wiki nyingi. Lakini neno likisemwa mahali linaposomewa Injili, watu hulipokea kwa uzito wa mahali pale. Walidhani kanisa limetuhakiki, kumbe kanisa lilikuwa limepokea viti tu.

Sasa tuje kwenye masika ya mwaka ule wa pili. Kwaya ilikuwa inarudi kutoka Marangu usiku, mvua ikinyesha. Kwenye mteremko gari likateleza, likaingia mtaroni na kugonga mti. Tunamshukuru Mungu hakuna aliyekufa. Dada mmoja alivunjika mkono, wengine walipata michubuko. Coaster ilibondeka mbele na ubavuni. Fundi akakadiria matengenezo kuwa shilingi milioni 18.

Usharika haukuwa na wasiwasi. Gari lina bima kubwa, tulisikia watu wakisema. Na sisi tulikuwa tunatazamana.

Katika bima iko kanuni ambayo kila wakala hufundishwa mwanzoni. Ukikatia mali bima kwa thamani pungufu, unahesabiwa kwamba sehemu iliyobaki umeibeba wewe mwenyewe. Gari la milioni 60 likikatiwa bima ya milioni 40, kampuni imebeba theluthi mbili, na mwenye mali amebeba theluthi moja. Kwa hiyo hasara ya milioni 18 italipwa milioni 12 tu, na makato mengine ya kawaida juu yake. Milioni 6 zitatoka mfukoni mwa mwenye gari. Kampuni haikutudhulumu. Ililipa kama hati ilivyosema, na hati tuliijaza sisi.

Hapo ndipo tulipoelewa kazi iliyofanywa na ile bahasha. Yule mjumbe alikuwa ametumwa na usharika akague fomu. Alijua bei ya gari, maana alikuwepo lilipolipiwa. Lau asingepokea kitu, angeona tarakimu 40 na kuuliza, na sisi tungelazimika kujibu. Kutoka 23:8 inawakataza waamuzi kupokea zawadi kwa sababu inawapofusha wale wanaoona. Tulikuwa tumeusoma mstari huo mara nyingi tukidhani unawahusu mahakimu na askari. Tulikuwa hatujafikiri kwamba macho ya usharika mzima yanaweza kuwa ni macho ya mtu mmoja, nasi tumeyanunua kwa laki moja.

Harambee ilitangazwa ili kufidia milioni 6. Jumapili hiyo baada ya ibada kulikuwa na mnada, kama ilivyo desturi yetu mlimani. Watu walileta mikungu ya ndizi, mayai, maparachichi, kuku, maziwa kwenye chupa. Mama mmoja mjane, mwenye duka dogo pale Mbuyuni na nyumba yake juu karibu na kwetu, alileta mkungu mkubwa wa ndizi. Aliubeba kichwani mwenyewe. Ulinunuliwa, ukarudishwa, ukanunuliwa tena, mara tatu, watu wakishangilia. Sisi pia tulipandisha bei ya mkungu ule, na watu walitupigia makofi.

Mama huyo alikuwa mteja wetu. Duka lake lilikuwa na bima ya moto, na kila mwaka alilipa ada yote, siku ile ile, bila kuuliza kurudishiwa. Hakuna mwaka tuliomrudishia hata shilingi. Hatukuwa na chuki naye, hakujua tu kwamba kuna cha kuomba. Sasa alikuwa amebeba mkungu kuziba pengo tulilolichimba sisi. Usiku ule hatukulala.

Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, inakataza mtu kuwa na mawe mawili ya kupimia mfukoni mwake, moja zito na moja jepesi. Neno hilo linaeleweka upesi huku kwetu. Mlima huu umelelewa na kahawa. Wakulima waliungana mwaka 1925 katika chama chao cha KNPA, na mwaka 1933 ikaja KNCU, ambayo kila mzee wa Kilimanjaro anaijua. Sababu moja kubwa ya mkulima kutaka chama chake mwenyewe ilikuwa apate bei ya haki kwa kahawa yake. Mtoto aliyekwenda na baba yake kwenye chama cha msingi alifundishwa kutazama mizani, si uso wa karani. Nasi, watoto wa mizani hiyo, tulikuwa na mawe mawili kwenye droo ya ofisi. La mwenye malori lilikuwa jepesi, la mjane lilikuwa zito.

Baada ya pale tulianza kusoma, maana tulitaka kujua kama sisi ndio wa kwanza kuanguka hapa. Tuligundua kwamba jambo hili ni la zamani na limesumbua nchi nyingi. Huko Marekani, karne ya 19, mawakala wa bima ya maisha walishindana kurudisha kamisheni mpaka watu wawili wenye umri mmoja na afya moja walilipa bei mbalimbali kwa hati ile ile. Jimbo la Massachusetts lilitunga sheria ya kukataza mwaka 1887, na New York mwaka 1889. Mwaka 1905 bunge la New York liliunda kamati ya kuchunguza kampuni za bima ya maisha, Charles Evans Hughes akiwa mwanasheria wake, na uchunguzi huo ukaanika namna fedha za wakatiwa bima zilivyotumika ovyo ili kampuni zishindane kukua. India nayo, katika Sheria ya Bima ya mwaka 1938, kifungu cha 41, ilikataza kutoa marejesho kama kivutio cha kukata bima, na ikakataza pia kuyapokea. Tulikaa sana juu ya neno hilo la kupokea. Anayetoa na anayepokea wote wamo.

Lakini pia tulikuta watu wenye hoja tofauti, na si haki kuificha. Mwaka 1988 wananchi wa jimbo la California walipiga kura iliyofuta katazo hilo kwao. Hoja ilikuwa kwamba wakala akitaka kupunguza malipo yake ili mteja apate nafuu, sheria inamzuiaje? Je, katazo halilindi mfuko wa wakala kuliko mfuko wa mteja? Hoja hiyo ina nguvu, na sisi tuliitumia kwa miaka bila kujua kwamba ina wenyewe. Mwaka 2020 jumuiya ya wasimamizi wa bima wa majimbo ya Marekani nayo ililegeza mfano wake wa sheria, ikaruhusu mteja apewe vitu na huduma zinazosaidia kupunguza hasara, mradi vitolewe kwa haki bila ubaguzi.

Kwa maoni yetu jibu liko hapo, katika haki na uwazi. Nafuu inayotangazwa hadharani, ambayo mjane wa Mbuyuni anaipata sawa na mwenye malori, ni punguzo la bei, na hatuoni dhambi ndani yake. Nafuu inayotolewa kwa kunong'ona, kwa mwenye nguvu ya kuomba, na hasa kwa mtu anayenunua kwa fedha za wengine, hiyo si punguzo tena. Yule mjumbe hakupunguziwa kitu chake. Ada ilikuwa ya usharika, bahasha ikawa yake.

Nchini kwetu historia ni fupi zaidi, nayo inaeleza mengi. Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa mwaka 1963, na baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 likawa ndilo pekee linalofanya biashara ya bima. Wakati huo hakukuwa na haja ya kumbembeleza mteja, maana hakuwa na pengine pa kwenda. Sheria ya mwaka 1996 ilifungua mlango kwa kampuni binafsi, na pamoja na ushindani zikaja kofia, kalenda, fulana na bahasha. Sheria ya Bima Na. 10 ya mwaka 2009 ndiyo iliyounda Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, inayosajili kampuni, madalali na mawakala kama sisi, na inayoweza kutunyang'anya leseni. Sheria hiyo hiyo iliweka pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ili mwananchi asiyeridhika apate pa kusemea bila kuanza na mahakama. Tunaamini usimamizi huu ni baraka. Hata hivyo, mkaguzi hakai sebuleni wakati chai inanywewa na bahasha inasogezwa chini ya kisosi. Pale anakaa Mungu peke yake, pamoja na dhamiri ya mtu.

Tulikwenda kwanza kwa baba mzazi wa mmoja wetu, mzee wa zaidi ya miaka 80. Tukamweleza yote. Alisikiliza akiwa amefumba macho, kisha akauliza, "Mtaenda kwa wazee wa kanisa na nini mkononi?" Tukasema tumepanga kupeleka mbuzi na mbege. Akakataa. Akasema mbuzi ataliwa na maneno yataliwa pamoja naye. Alitoka nje, akakata jani la sale kwenye uzio wa kihamba, akatupa.

Msomaji wa Uchagani anajua jani hilo. Ni jani la kuombea msamaha. Ukimkosea mtu ukampelekea sale, umekiri, na yeye si rahisi kukugeuzia uso. Halina bei. Limepandwa kwenye mipaka ya mashamba, kila boma linalo, tajiri na maskini. Hakuna anayeweza kusema kwamba amenunuliwa kwa jani la sale. Wamisionari wa Leipzig walipofika mlimani mwaka 1893 walikuta wazee wetu wakilijua tayari tendo la kukiri kosa na kupatanishwa. Injili ilitupa jina la yule ambaye ndani yake msamaha wote unatoka.

Baba Mchungaji alituita mbele ya baraza la wazee. Tulisimama tumelishika jani. Tulisema kwamba thamani ya gari tuliiandika pungufu kwa makusudi, kwamba tulitoa fedha ili isiulizwe, na kwamba viti vile 50 vilikuwa tangazo lililovaa joho la sadaka. Hatukumtaja aliyepokea. Tulikuwa tumekwenda kukiri la kwetu, na kila mtu ana mlango wake wa kuingilia. Yeye alikuwa ameketi mle ndani. Hakusema neno siku ile, wala baadaye. Hadi leo tunasalimiana, lakini kwa mbali. Hilo ni jeraha ambalo halijapona, na tunalo sehemu yetu, maana ingawa ni yeye aliyeomba kukumbukwa, bahasha tuliipeleka sisi hadi mlangoni kwake.

Baraza lilitusamehe na likatupa masharti. Tulirudishe pengo. Tuliuza gari letu dogo, tukalipa milioni 4 mara moja, na milioni 2 zilizobaki tukazilipa kidogo kidogo kwa mwaka mmoja na nusu. Viti tulivikwangua majina. Michango ya mnada iliyokwisha kukusanywa ilielekezwa kwenye matibabu ya yule dada aliyevunjika mkono na akiba ya gari.

Kisha tukapanda kwa yule mama. Hilo lilikuwa gumu kuliko baraza. Tulimwambia kwamba kwa miaka ile alilipa ada kamili wakati wengine wakirudishiwa. Akanyamaza, akatuuliza, "Kwa hiyo nilikuwa nawalipia wao?"

Tulitaka kumweleza kwamba hapana, marejesho yalitoka kwenye kamisheni yetu wenyewe. Maneno yakatukwama. Kwa sababu ni kweli kamisheni ni malipo ya kazi, na kazi ni pamoja na kumtembelea mteja, kutazama duka lake lina nini, kumweleza hati inasema nini. Kwa mama huyu hatukuwahi kufika dukani tangu alipokata bima mara ya kwanza, ingawa ni hatua chache tu kutoka ofisini kwetu. Muda wetu na nauli zetu vilikuwa vinakwenda kwa wale waliohitaji kubembelezwa. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Tukamjibu, "Ndiyo mama, ulikuwa unawalipia." Akatutazama kwa muda. Akasema, "Basi kesho njooni dukani." Tulikwenda. Tukakuta mali imeongezeka karibu maradufu ya ile iliyoandikwa kwenye hati yake. Lau moto ungetokea, yaliyoupata usharika yangempata yeye, naye hana washarika wa kumfanyia mnada kila mwezi.

Katika Biblia tunawapenda sana watu wawili sasa, ambao zamani tulipita tu juu yao. Mmoja ni Abrahamu katika Mwanzo 23. Anataka shamba la kumzika Sara, mwenye shamba anasema mbele ya watu kwamba atampa bure, naye anakataa, anapima shekeli 400 za fedha mbele ya mashahidi. Alijua kwamba kitu cha bure kingemfunga yeye na watoto wake. Wa pili ni Elisha katika 2 Wafalme 5. Naamani amepona, ana shukrani ya kweli, zawadi zake si rushwa. Bado nabii anakataa. Lakini Gehazi, mtumishi wake, anakimbia nyuma ya gari na kuomba talanta moja ya fedha na mavazi mawili, akisema yametumwa kuombwa na bwana wake. Naamani anampa talanta mbili. Gehazi hakuiba. Alipewa kwa furaha. Ubaya wake ni kwamba alipokea kwa siri, kwa jina la mwingine, kitu ambacho bwana wake alikikataa hadharani ili mgeni ajue kwamba neema ya Mungu haiuzwi. Tukisoma hapo tunaiona bahasha yetu. Mjumbe alipokea kwa jina la usharika, nasi tulitoa kwa jina la shukrani.

Hatutaki msomaji adhani kwamba tunachukia zawadi. Mtu wa Kilimanjaro asiye na zawadi ni mtu gani? Tunabebeana ndizi, tunapelekeana maziwa mtoto akizaliwa, na fungu la nyama la Desemba lina wenyewe kwa majina. Zawadi za namna hiyo hutolewa mchana, kila mtu anajua nani kapewa nini, na hazidai kwamba mpokeaji anyamaze. Tumejifunza kujiuliza swali moja: je, zawadi hii tungeweza kuisoma kwenye matangazo ya Jumapili, na jina la aliyepewa na sababu ya kupewa? Kama jibu ni hapana, inabaki mfukoni.

Basi tumebadili utaratibu. Mteja anayenunua kwa fedha za taasisi, iwe shule, kikundi au kanisa, tunampa makadirio kwa maandishi na nakala inakwenda kwa zaidi ya mtu mmoja. Thamani ya mali tunaiandika kama ilivyo, hata mteja akikasirika kwa ukubwa wa ada. Kile kikaratasi cha kulipwa kesho tulikichoma, na kipya kinaeleza hatua za madai na kwamba huchukua muda. Kwa waendesha bodaboda wetu wote tunatoa fulana za kuakisi mwanga, bila jina letu kifuani, kwa sababu zinaokoa uhai na kila mmoja anapata.

Gharama yake hatutaificha. Mwaka wa kwanza wateja 11 walituacha, wakiwamo wenye malori wote. Mmoja alituambia kwamba tumeokoka vibaya. Ada ya shule ya mtoto wetu tulikopa kwenye kikundi. Hatuwezi kusema kwamba Mungu alitulipa maradufu kama Ayubu, maana si kweli. Ofisi bado ni chumba kimoja, na gari tulilouza hatujanunua jingine.

Desemba iliyopita yule mama alikuja kulipia bima ya duka. Alihesabu fedha zote mezani, akachukua risiti, akaisoma mstari kwa mstari akiwa amevaa miwani yake. Kisha akasimama mlangoni na kuuliza kama kuna kalenda. Tukampa moja. Akaikunja, akaiweka kikapuni, halafu akageuka.

"Na wenzangu nao wamepata?"

"Wote, mama. Moja moja."

"Haya," akasema, akateremka ngazi kuelekea sokoni.